Chama cha Barafu

Ada ni euro kumi na mbili kwa mwaka.
Nililipa Novemba, miezi saba baada ya kumzika Hessel,
jioni nilipojikuta nikiiambia friji, "Haya basi, nyamaza."

Froukje, mweka hazina, aliandika jina langu kwa penseli.
"Mbona penseli?"
"Wino huganda," akasema,
nisijue kama ni mzaha.
Watu wa Friesland hawakuonyeshi meno mpaka mwaka wa pili.

Chama cha barafu, na barafu yenyewe hakuna.
Kuna uwanja wa nyasi nyuma ya kiwanda cha maziwa,
nguzo sita za taa, kibanda cha mbao,
na pampu nyekundu ambayo Wiebren huiita mke wa pili.
Kazi ni kuyavuta maji kutoka mferejini,
kina cha kiganja, basi,
kisha kuingoja baridi kama mtu angojavyo barua
ya ndugu asiyejua kuandika.

Sijui kuteleza. Nimekulia Limburg, kwenye vilima na keki;
nilikuja huku kwa ajili ya mume,
nikabaki kwa ajili ya kaburi.
"Unaweza nini?" Wiebren aliuliza.
Nikasema, naweza supu.
"Supu tunayo. Shika koleo."

Jumamosi ya kwanza niliziba mashimo ya fuko kwenye tuta
pamoja na Jelmer, kijana wa miaka kumi na sita
aliyeletwa kutumikia saa arobaini
kwa kuvunja kioo cha duka la baiskeli.
Hatukusemezana. Matope ndiyo yaliyosema, pwata, pwata.
Kwenye saa nne akanipa nusu ya mkate wake
bila kunitazama,
kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Jumamosi ya tatu niliharibu.
Nililiacha lango la maji wazi usiku kucha,
na asubuhi bustani ya mchungaji ilikuwa ziwa,
kabichi zikielea kama vichwa vya waogeleaji.
Nikasema moyoni: yamekwisha, narudi kwa friji yangu.
Saa mbili simu ikalia. Froukje.
"Njoo na ndoo. Na buti. Sote tuko hapa."

Sote!
Watu kumi na mmoja, na mchungaji suruali juu ya magoti,
wakibishana ni nani kati yao aliwahi kukosea zaidi.
Wiebren akashinda: yeye aliwahi kuyagharikisha makaburi.

Kimya.
Wakakumbuka ni nani amelala kule, wakanitazama.
Nami nikacheka.
Kicheko kilitoka kama maji ya pampu iliyokaa sana,
kwanza kutu,
kisha kutu,
kisha maji.

Baridi ilikuja Februari, usiku mmoja na nusu.
Wiebren alilala kifudifudi ukingoni na rula yake:
sentimita mbili na ushei. Tunataka tatu.
Watoto walisimama na viatu vya chuma shingoni,
wakimtazama kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.
Akatikisa kichwa.
Adhuhuri jua likachukua lililo lake.

Saa za Jelmer zilikwisha Januari.
Bado yupo. Anadai alisahau kuhesabu.

Mkutano wa mwaka, Machi, Froukje alisoma daftari:
siku za barafu, sifuri;
saa za kujitolea, mia sita na kumi.
Tukapiga makofi, na hadi leo sijui
tulikuwa tunashangilia tarakimu ipi.

Jumamosi ijayo tunapaka kibanda rangi.
Froukje anataka buluu. Buluu!
Nimempinga waziwazi, mbele ya wote,
nimegonga meza,
na kikao kilichokuwa kiishe saa mbili
kimetufikisha saa sita za usiku.